Barua ya Pili kwa Mhandisi

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Tangu alfajiri mvua ilikuwa ikinyesha taratibu, isiyo na haraka, na ukungu ulikuwa umefunika mlima mpaka kiunoni.

Bernadina aliketi peke yake katika chumba walichosomea Kiingereza jioni, karatasi tupu mbele yake. Saa nne asubuhi hiyo mhandisi wa barabara angefika kwenye mkutano wa kijiji. Juu ya nyumba ya binti yake Agatha, pale mashine zilipochimba kokoto, ardhi ilikuwa imepasuka. Jana Bernadina aliingiza mkono, ufa ukaumeza hadi kwenye kiwiko.

Mhandisi hakujua Kiswahili, ndiyo maana kamati ya kijiji ilimtuma Bernadina aandike kwa Kiingereza. Katika barua ya kwanza aliueleza ufa vizuri, kisha akamalizia kwamba kwa neema ya Mungu hakuna baya litakalotokea. Mhandisi alijibu kwa mstari mmoja: amefurahi kusikia hakuna hatari. Hata Agatha alikataa kuhama. "Mama, si wewe mwenyewe uliyeandika?"

"Shikamoo, mama Agatha." Mwalimu Judica aliingia akikung'uta mwavuli.

"Marahaba, mwanangu. Nimewafukia wajukuu zangu kwa kalamu."

"Bado. Andika kinachoweza kutokea." Akaandika ubaoni: *is likely to*, na chini yake *could lead to*. "La kwanza, jambo linaelekea kutokea. La pili, linaweza kuzaa jingine. Hutabiri, mama. Unaonya."

Bernadina aliyatazama maneno yale kama anayemtazama nyoka. Kwao kifo hakitajwi juu ya mtoto aliye hai.

"Nikiandika watakufa, si nitakuwa nimewaitia mauti? Kesho ni ya Mungu."

"Yona aliwaambia watu wa Ninawi kwamba mji utaangamizwa. Uliangamizwa?"

"Hapana," alisema Bernadina. "Walisikia."

Akapiga magoti kati ya madawati, akasali bila sauti. Kisha akaandika kwamba mlima unaelekea kuporomoka, na kwamba hilo linaweza kuleta vifo vya watoto: *The hill is likely to fall. This could lead to the death of children.*

Mkutanoni mhandisi aliisoma barua mara mbili. Tluway, msimamizi wa mashine aliyekuwa akimtafsiria, aliichungulia akaguna.

"Mama, juzi hakuna baya, leo watoto wanakufa! Hicho Kiingereza chako cha jioni kinafuata hali ya hewa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Juzi niliogopa kuandika," alisema Bernadina. "Ufa wenyewe haukuogopa kupanuka. Mtafsirie."

Tluway akatafsiri, uso wake umebadilika. Mhandisi akasema maneno machache, naye Tluway akayatoa polepole kwa Kiswahili: "Atasimamisha mashine siku tatu, mtaalamu aje apime. Lakini mlima ukikutwa mzima, anataka kujua nani atajibu kwa kuchelewesha barabara."

Mwenyekiti Sulle aliinamia viatu vyake. Agatha alikuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni, akimtazama mama yake.

Bernadina akasimama.

"Mimi. Mbele za Mungu na mbele yenu nyote naahidi: mlima ukikutwa mzima, nitasimama hapa hapa niseme Bernadina alikosea, mnicheke mpaka mchoke, nami nitamshukuru Mungu. Lakini leo, Agatha, wewe na wanao mnalala kwangu, hata kama itabidi niwabebe mmoja mmoja."