Mkanda wa Paja la Kushoto

...na sikuushika ule mkanda, huo ndio ukweli, sikuugusa hata kwa ncha ya kidole, nilimpiga Alois bega nikasema Sawa, na leo ni mwaka wa nne namkanda mguu kila Ijumaa nikitoka msikitini, nachovya kitambaa kwenye beseni, nakamua, nauzungushia hapa chini ya goti ambapo mfupa uliunga vibaya, naye anafumba macho anasema, aah, mtumwa wangu, Mzaramo wewe, kumbe mikono yako ina kazi nyingine zaidi ya kupiga ngoma, na Flavia mkewe anacheka kule uani anakopepeta mchele, anapaza sauti, shemeji usimsikilize huyo, bila wewe angekuwa wa kulala tu, Mungu akulipe... Mungu akulipe, anasema, nami naitika Amina, ulimi wangu hauoni haya, Amina, wakati malipo ninayostahili nayajua mwenyewe, maji yamepoa, hapana, bado yana moto, ni vidole vyangu vilivyopoa, na redio pale dirishani inapiga kelele, kilimo cha kufa na kupona, kila kaya ipande muhogo, ipande mtama, Alois hutaka iwe juu hivyo hivyo kwa sababu tangu siku ile sikio lake moja halisikii vizuri, hata hilo, ee Mola, hata sikio ni langu, kesho, anasema Alois, kesho mtani wangu nitawasimamia kuruta wako kama paroko siku ya Pasaka, waniogope, na kucheka kwake kunautikisa mguu mikononi mwangu.

Mimi ndiye niliyemletea ujumbe huo, mimi, koplo mwenye mistari yangu miwili, Kapteni aliniita juzi akasema, Lukumani, yule mwenzako wa Cheyo aliyevunjika kwa mwavuli mwaka sabini, aje Jumamosi awaeleze vijana arobaini alikosea wapi, maneno ya kitabu hawayashiki lakini wakiuona ule mguu watashika, nikapiga saluti, ndiyo afande, mgongo umenyooka kama wa mtu asiye na kitu kifuani, nikatoka nikaja mpaka hapa Cheyo nikayasema kama nilivyoambiwa, alikosea wapi, na Alois hakukasirika, alifurahi, alifurahi jamani kwamba jeshi limemkumbuka, akamwambia Flavia amtafutie lile shati lake jeupe, na tangu juzi anajifundisha hotuba, hii hapa anaianza tena, sikiliza Mzaramo, niambie kama ni nzuri, vijana, hewani havunjiki mtu, watu tunavunjikia chini, na chini tunavunjika kwa haraka ya mguu, basi miguu pamoja, vifundo vigusane, magoti yalegee, usiyakaze, kidevu kifuani, viwiko vibane mbavu, macho yaangalie miti ya mbali, usiangalie ardhi, ukiiangalia utaitafuta kwa mguu, na mguu utakaotangulia ndio utakaovunjika, ardhi haikimbii, itakuja, ikikugusa jilaze ubavu, nyayo, ugoko, paja, kalio, bega, jibiringishe kama gunia la karanga limedondoka kwenye lori... Karanga si zitamwagika, anasema Flavia... basi gunia la pamba, mwanamke, usinivuruge, Mzaramo unaonaje, nzuri?... nzuri, nasema, nzuri sana, na ni nzuri kweli, kila neno ni kweli, hapo ndipo moyo wangu unapoungua, vijana arobaini watarudi kwenye mahema waangalie vifundo vya miguu yao usiku kucha, na hakuna hata mmoja atakayeambiwa ashike bizimu ya mkanda wa mwenzake aivute mpaka aisikie.

Aivute mpaka aisikie. Ndivyo tulivyofundishwa, macho hudanganywa na chuma, bizimu huweza kuonekana imefunga kumbe imekaa nusu, basi wa nyuma anapitisha mkono kwenye mikanda ya wa mbele, mgongo, paja la kulia, paja la kushoto, anavuta kila mmoja, ndipo anapiga bega na kusema Sawa, na siku ile mlango wa ndege ulifunguliwa, upepo ukaingia, chini kule mbuga ya kuelekea Tura ilikuwa nyeupe kwa kiangazi, ngumu kama sakafu, sajini akapaza sauti, simama, funga kamba, tukazifunga kamba za miavuli yetu kwenye waya wa juu, kagua, na mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania ule waya, niliuambia mkono achia, haukuachia, ilikuwa mara yangu ya nne kuruka na nilikuwa naogopa kuliko ya kwanza, nikajua mwenzangu wa nyuma atauona huo mkono unavyotetemeka, na Alois mbele yangu akageuza shingo akasema, mtani, umeangalia? nami kwa kuficha woga nikapaza sauti wasikie wote, mzigo wa Mnyamwezi hukaguliwa ukifika Bagamoyo, ndege nzima ikacheka, hata sajini nilimwona meno, Alois mwenyewe alicheka, kwa sababu ndiyo utani wetu, babu yake akishuka pwani na pembe begani na babu yangu akipanda huku na msafara huo huo, wakitukanana njia nzima na kuzikana njia nzima, na mjukuu wa huyu akampiga bega mjukuu wa yule kwa ule mkono mmoja uliokuwa huru, Sawa, akaruka, nikaruka.

Nilimwona. Hili sijalisema mbele ya mtu yeyote, nilimwona angali juu, mwavuli wake ulipofunguka ulimvuta upande, mkanda wa paja la kushoto umeachia unapepea kama utepe, akaning'inia kwenye paja moja kama mbuzi aliyefungwa vibaya kwenye baiskeli, anajaribu kuleta miguu pamoja na haiji, nilijua kabla hajafika chini, nami nikafanya nini, nikaleta miguu yangu pamoja, magoti yakalegea, kidevu kifuani, nikaangalia miti ya mbali, nikatua vizuri kuliko siku zote, kama kitabu, nikajifungua nikakimbia, nilikuwa wa kwanza kumfikia, amelala hajitambui, mguu umegeukia pasipotakiwa, na wengine wako mbali bado wanakusanya miavuli, nikapiga magoti, mtu angedhani nimpe maji, nimwite jina, nikaitafuta ile bizimu nikaifunga, ikalia ta, mlio mdogo kabisa, mpaka leo Flavia akifunga kisanduku chake cha nyuzi huwa nageuka... ndipo nikaita, jamani njooni, Alois ameumia. Na waliokuja kuchunguza waliikuta mikanda yote imefunga, wakaandika uzembe wa mrukaji, ametanguliza mguu, na hospitali alipozinduka aliniuliza kwa sauti ndogo, mtani, uliangalia kweli? nikasema Wallahi, nilivuta mara mbili, nikalitaja jina la Mwenyezi Mungu kwenye bizimu niliyoifunga mtu akiwa maiti nusu, akasema, basi ni mimi.

Basi ni mimi, ndivyo alivyosema, na baba yake hakukubali, Mzee Mahona, mrina asali wa Ipole, alikuja na miguu yake yenye makovu ya nyuki na magome, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, wanangu, huyu tangu ana miaka tisa nampandisha kwenye mizinga, ameanguka mitini mara sita nikimwona, hatangulizi mguu, nilimfunza mwenyewe, ukianguka kunja mwili kama mtoto tumboni, sasa ninyi mnasema ametanguliza mguu, hebu angalieni vizuri mikanda yenu, na sajini, tuliyekuwa naye pale kitandani, akanigeukia, nikasema, shikamoo mzee, mikanda nilikagua mimi, akaniangalia, macho ya mtu aliyezoea kuangalia tundu la mzinga kama lina nyoka, kisha akayashusha, akasema marahaba mwanangu, nisamehe, mzee akiumiwa na mwana huropoka, alinitaka radhi, yeye mimi, na mwezi uliofuata akanitumia galoni ya asali kwa sababu nilikuwa namwangalia mtoto wake, nikafuturu nayo Ramadhani nzima, tamu, wala haikunikaba, na masika iliyopita tumemzika, mimi kama mtani nilizuia jeneza njiani kwa mzaha wa msibani mpaka wafiwa wakacheka, akaingia kaburini akiamini kwamba mwanawe alisahau alichomfunza.

Unabonyeza sana hapo, anasema Alois, taratibu, mguu huo ndio mtaji wangu wa kesho... nalegeza, nachovya tena, nakamua, unajua Mzaramo, anasema, na sasa sauti yake imeshuka, anaangalia dari, kuna neno sitawaambia wale vijana kwa sababu ni la kanisani, ila wewe nakwambia, lile kosa nilikwenda kuliungama... kosa gani... la mguu, kwa padre, nilimwambia, padre, kilichonivunja ni kiburi, nilijiona mtoto wa mrina asali hafundishwi kuanguka, wenzangu wakifanya mazoezi jukwaani mimi nacheka, Mungu akanionyesha, padre akanipa kitubio, rozari nzima kwa magoti kwa siku tisa... kwa magoti, anasema Flavia mlangoni akiwa na ungo, na goti hilo hilo, nikamwambia rudi kwa padre umweleze una mguu mbovu, hakutaka, anasema eti kosa lake... nyamaza wewe mwanamke, lilikuwa kosa langu nikalilipia, nikainuka mwepesi, leo hata nikifa sina deni hilo.

Kitambaa kimo mkononi, maji yanadondoka kwenye sakafu, siku tisa, siku tisa mtu huyu amepiga magoti kwenye mfupa nilioukanda mimi Ijumaa akautia maumivu Jumamosi, akatubu dhambi yangu, ameibeba mpaka madhabahuni kama babu yake alivyobeba pembe zisizo zake, na mimi nilikuwa wapi, nilikuwa saf ya kwanza msikitini, nimejifariji miaka minne kwamba kila Ijumaa naomba maghufira, kwamba namkanda, kwamba namletea sukari ikipatikana dukani, na leo hii hii adhuhuri maalim wetu Mabruki juu ya mimbari alisema, kama ananiona mimi tu katika msikiti mzima, mliomkosea Mungu, tubuni, Mungu husamehe, lakini haki ya mja, enyi waja, haki ya mja hamwezi kumwomba Mungu aisamehe kwa niaba ya mwenyewe, mwendeeni mwenyewe, angali hai na ninyi mngali hai, nikainama nikahesabu mistari ya mkeka... mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini hilo halihitaji kusoma, mwendee mwenyewe, na mwenyewe huyu hapa, mguu wake uko mapajani pangu.

Ningeweza kusema aliifunga nusu mwenyewe, ni kweli, mkono uliofunga ulikuwa wake, mtu husahau, lakini ndiyo maana wakaweka mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa mimi. Ningeweza kulisema kwa utani, hilo ndilo shetani ananinong'oneza sasa hivi, sema kwa kucheka, sema we Mnyamwezi mjinga, mkanda wenyewe sikuuona, atacheka, atanirushia kiatu, utani hauna kesi, hata wazee wangesema hauna kesi, na kesho atakwenda na shati jeupe kusema kosa ni la mguu, hapana, kwa utani ndivyo nilivyomuumiza, sitatoka kwa mlango huo huo. Mistari miwili waichukue, Kapteni aniweke ndani, niko tayari, Flavia asiniite tena shemeji, hilo linauma kuliko mistari lakini naye ana haki ya kuuma, na Alois akinifukuza, Ijumaa ijayo nitakaa pale nje kwenye kibaraza mpaka aseme kama anataka mguu ukandwe au la, ila kesho akienda kambini aende akijua, na asimame mbele ya wale arobaini anyooshe kidole hapa kwangu aseme, miguu pamoja, ndiyo, magoti yalegee, ndiyo, lakini kwanza shika bizimu ya mwenzako uivute mpaka uisikie, kwa sababu koplo huyu hakuivuta, na mimi nitasimama, mkono ule wa siku ile hautakuwa na waya wa kushika, utetemeke tu, wauone.

Umesinzia, Mzaramo, anasema Alois, au unatunga wimbo wa kunisuta, redio imemaliza muhogo imeingia kwenye bendi, magitaa yanakwenda, Flavia anapepeta, makapi yanaruka juani, maji bado yana moto, mguu hauna uzito zaidi kuliko ulivyokuwa dakika tano zilizopita, nakiweka kitambaa kwenye ukingo wa beseni, Bismillahi, nauacha mkono wangu wa kulia juu ya goti lake, wazi, na nasema.

Alois, ndugu yangu, naomba upunguze redio, mwite na Flavia aje akae hapa, na kwa hizi dakika chache usinitanie.