Nusu Fungu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni urefu. Fuadi alikuwa ametuma sauti mbili kwenye simu ya nyumbani: ya Baba dakika moja, yangu dakika saba. Mdogo wangu huyu hajawahi kunisemesha dakika saba mfululizo tangu Shangazi Mwanapili alipoondoka naye kambi ya wakimbizi kwenda Marekani, na sisi tukarudi Kismayo.

Nikaenda nyuma ya jiko kuisikiliza yangu. Nilianza nimesimama, nikamaliza natembea huku na huku.

"Dada Samiha, vyuo viwili vinanitaka," alisema. Fuadi hucheza mpira wa kwao, ule wenye umbo la yai. Wenzake wanaubeba kwa mikono na kuangushana. Kazi yake yeye ni kuupiga teke upite kati ya milingoti miwili. "Cha kwanza kiko kwenye ligi inayowalipia wachezaji ada. Lakini ni ligi ya chini, si ile ya kwenye televisheni. Ufadhili wao ni mchache na wachezaji ni wengi, kwa hiyo kocha anaukata vipande. Mimi nimepewa nusu. Nusu nyingine nikope. Na ni wa mwaka mmoja tu. Mwakani akipata mpigaji mwingine, basi."

"Na cha pili?" nikaiuliza simu, kama mjinga.

Cha pili kilikuwa kwenye ligi ambayo vyuo vyake vimekubaliana kutompa mchezaji hata senti kwa ajili ya mpira. Lakini chuo chenyewe kilitazama alama zake na hali ya nyumbani, kikampa msaada wa masomo, karibu gharama zote, miaka minne. Hata akivunjika mguu, msaada hawaugusi, mradi afaulu.

"Baba ataona hawa hawakunitaka," Fuadi akaendelea. "Keshaiambia pwani nzima kuwa mwanawe amechukuliwa kwa mguu wake. Mweleze wewe, taratibu. Nitasaini atakachosema. Mwisho ni leo, adhuhuri ya huku."

Adhuhuri yao kwetu ni isha. Na alasiri ilikwisha kuadhiniwa.

Nilimkuta Baba ubavuni mwa mashua ya Mzee Uthman, anatia kalafati, akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Mzee Uthman, nahodha wake, alikuwa amekaa juu ya gogo, kazi yake kukosoa. Mimi mbele ya wanaume huweka chai nikaondoka. Nikaiweka. Nikaondoka. Nikarudi.

"Huyu leo ana nini, Famau?" Mzee Uthman akamwuliza Baba. "Kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Fuadi ametuma sauti," nikasema, macho mchangani.

Nikawawekea ile ya dakika moja. Ndani yake Fuadi alisema tu kwamba chuo kimoja kimempa nusu kwa mpira, na kingine hakitoi kitu kwa mpira ila kinasaidia masomo. Akaomba neno la Baba.

Baba akacheka kwa furaha. "Nusu! Umesikia, Uthman?"

"Nimesikia. Na wewe ulipopanda chombo cha marehemu babangu ulipewa nini?"

"Nusu fungu. Nilitapika kutoka Chovae mpaka Kudha."

"Hata hiyo nusu hukuistahili!"

Kwetu samaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, na kila baharia lake. Anayeanza hupewa nusu msimu wa kwanza. Msimu wa pili, akiwa bado yumo chomboni, hupata fungu zima, wala haombi. Nahodha anayemnyima hatapata tena mabaharia.

"Mwakani fungu zima," Baba akasema. "Na hicho kingine? Mchu gani mwenye akili zake apande chombo kisicho na fungu? Haya, Samiha, washa niseme."

Mikono yake ilikuwa imejaa sifa, yale mafuta ya papa, kwa hiyo simu niliishika mimi. Nikabonyeza.

"Fuadi, mwanangu, chukua nusu. Vumilia msimu mmoja. Mungu akubariki."

Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza. Nikikiinua tu, neno linakwenda. Nikakitelezesha kidole pembeni, ujumbe ukafutika.

"Umekwenda?"

"La."

"Mtandao?"

"Nimeufuta, Baba."

Mzee Uthman akashusha kikombe.

Nikasema haraka, kabla woga haujanishika. "Kule nusu haikui. Kocha anachagua upya kila mwaka. Aliyekuwapo na anayekuja leo ni sawa. Akiachwa, atakuwa kasoma nusu, na mkopo shingoni."

"Nahodha wa hivyo angevua peke yake," Mzee Uthman akasema.

"Kule wanaotaka kupanda ni wengi, Mzee."

Baba akanitazama kama mgeni. "Na hao wa pili hawamtaki."

"Wanamtaka. Atawachezea. Sheria ya ligi yao ndiyo inayowakataza kuulipa mguu. Msaada wake ni wa kusoma, na haufungwi na mpira."

Alipiga nyundo mara tatu mahali ambapo pamba ilikwisha kukaa. "Sasa watu niwaambie nini?"

"Kwamba anasoma."

"Hilo si la aibu, Famau," Mzee Uthman akasema taratibu.

Baba akafuta patasi kwenye kikoi, upande huu, upande ule. "Basi mwambie wewe achukue hicho cha pili. Mimi nimeshasema, na siwezi kulimeza neno mbele ya Uthman. Atanicheka hadi Ramadhani."

"Nitakucheka tu," Mzee Uthman akasema.

Nikabonyeza. "Fuadi, Baba ameridhia cha pili. Saini sasa hivi." Ningeweza kuinua kidole hapo. Baba alikuwa amesimama karibu, anasikia kila kitu.

"Na jambo jingine. Yule mfadhili aliyenilipia shule hapa Kismayo alikuwa wa mwaka mmoja, nasi tukadhani ataendelea. Alipoacha kulipa, nilitoka darasa la tano nikawaambia nyote kuwa shule imenichosha, msihangaike na karo. Haikunichosha, Fuadi. Nilikuwa naipenda."