Kiti cha Pili cha Edelmira

Edelmira alifungua kopo la mchele, akamkuta Mtakatifu Antoni wake wa udongo humo, kichwa chini miguu juu, amezama hadi kiunoni. Mara ya tatu mwezi ule! Akamchomoa, akampangusa, akamrudisha dirishani.

"Pole, baba," akamwambia. "Hata mimi nimechoka."

Aliyemzamisha ni Nohemí, dada yake mkubwa. Pale Mompox, mji wa kando ya mto huko Kolombia, mwanamke anayetaka mume humpindua mtakatifu huyo na kumtesa hivyo mpaka amletee. Balaa ni kwamba Edelmira hakutaka. Alikuwa mjane mwaka wa tisa sasa. Asubuhi alishona, jioni aliketi mlangoni kwenye kiti cha kubembea, miguu kaipandisha juu ya kiti cha pili, akijiimbia. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililowakera watu.

Jumapili hiyo Nohemí aliingia bila hodi.

"Don Eliécer anakuja kula mchana huu. Ana boti mbili na meno yake yote."

"Akatafunie kwingine."

"Wee! Majirani wanakuona ukicheka peke yako. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu."

"Sasa unacheka nini?"

"Nacheka tu, dada! Mpaka niombe ruhusa?"

"Haya. Ukimkataa huyu, mimi hapa sikanyagi tena."

Edelmira alishtuka. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Neno "sawa" lilimfika mdomoni. Kisha akatupa jicho mlangoni kwenye kile kiti cha pili, akamwona kabisa akilini Don Eliécer amejaa humo, anauliza chakula kimechelewa kwa nini.

"Basi usikanyage," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Nohemí akatoka amefura. Mlangoni kiatu kikamvuka, akaketi kwenye kiti cha pili akivae. Akakivaa. Kiti kikabembea kidogo, upepo wa mtoni ukampiga usoni. Kwake kulikuwa na mume aliyeishi naye miaka thelathini, anayengoja supu ili aseme haina chumvi. Nohemí akakivua kiatu, na cha pili pia.

Edelmira akaja polepole, akaketi kando yake.

Don Eliécer akatokea, kofia mkononi, akaangaza macho akitafuta pa kukaa. Edelmira akamtazama dada yake.

"Viti vimejaa, Don Eliécer," akasema Nohemí, akaendelea kubembea.