Mkuu wa Kaya Afike Mwenyewe

Ofisi ya mradi wa mashamba pale Ifakara ilikuwa na kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilipewa heshima kuliko binadamu yeyote aliyeingia humo. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, ilikuwa na feni yake peke yake, na kwa ajili yake kila mtu alivua kandambili mlangoni ili asiingize vumbi. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino ndiyo kwanza zinaanza kuchoka, na vumbi lenyewe halikuwapo, lilikuwapo tope tu. Kandambili zilivuliwa vilevile.

Agnetha wa Katindiuka alikaa kwenye benchi akimtazama karani, binti aitwaye Nelly, anavyohangaika. Fomu za kuandikisha mashamba zilikuwa zimeletwa kutoka Morogoro ndani ya diski, na diski ilikuwa haitaki kufunguka. Mara ya kwanza mashine ilisema haioni kitu. Mara ya pili iliona, lakini herufi zote zikatoka na mikia na pembe. Nelly alimpigia simu mkubwa wake, akaambiwa azime awashe. Akazima, akawasha. Pembe zikaondoka, mikia ikabaki, na kwa kuwa maneno yalisomeka, kazi ikaanza.

"Mkuu wa kaya ni nani, mama?"

"Mimi hapa."

Nelly aliandika Agnetha. Mashine ililia kama kifaranga na jina likafutika. Akaliandika tena polepole, kwa kidole kimoja, kwa namna ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Likafutika. Akaacha nafasi tupu. Fomu ikagoma kwenda ukurasa wa pili. Akaandika "marehemu". Hapo kioo kilitulia kidogo, kisha kikaleta maneno: Mkuu wa kaya afike mwenyewe.

"Mtaalamu aliyeitengeneza hakuweka nafasi ya mwanamke," Nelly alisema, na aibu ilimshika utadhani kosa ni lake. "Nisamehe, mama. Inamtaka mzee."

"Mzee amekufa, mwanangu. Huu mwaka wa tatu."

"Najua. Lakini inamtaka."

Shamba lenyewe Agnetha alilifyeka kwa mikono yake, matete baada ya matete, akiwa na mimba ya binti yake Aurelia ambaye sasa ameolewa Lupiro. Mumewe, Telesphory, alikuwa mvuvi wa Kivukoni, fundi wa nyavu, lakini jembe lilimshinda tangu ujana na hakuwahi kulificha jambo hilo. Kiboko aliupindua mtumbwi wake, wakamtoa mtoni, wakamzika. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimkalisha mdogo wake, Fridolin, juu ya mkeka, ukampa shoka la marehemu, nyavu za marehemu na jina la marehemu, maana jina la mtu haliachwi lipotee. Tangu siku hiyo hata mama yake mzazi alimwita Telesphory. Walitaka kumpa na mjane. Agnetha alisema hapana, akasema mara moja tu, wakamwelewa. Lakini Fridolin hakuchoka kuwaambia watu kwamba mwenye jina ndiye mwenye shamba, na mradi ulikuwa umetangaza: shamba lisiloandikishwa kabla ya mavuno litahesabiwa halina mwenyewe.

Agnetha hakuwa mtu wa kubishana na ofisi. Alipoambiwa mzee anatakiwa, alikwenda kumwita mzee. Alichukua unga wa mchele kwenye bakuli, akaunyunyiza kichwani pa kaburi kama wanavyofanya watu wanapowapa wafu habari ya ugonjwa au ya posa, akasema, "Baba Aurelia, unaitwa ofisini. Jumanne. Wahi, maana foleni si mchezo."

Jumanne Telesphory alikuwa kwenye foleni, nyuma ya Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe ambaye shamba lake linapakana na la Agnetha. Alivaa shati alilozikwa nalo, na maji yalimchuruzika kwenye viwiko kama siku ile walipomtoa mtoni.

"Mzee, umelowa," Masanja alimwambia, akampisha asimame penye jua.

"Nimetoka mbali," Telesphory alijibu.

Nelly alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba afute miguu kwa sababu ya kompyuta. Mpiga picha aliitwa kutoka upande wa pili wa barabara. Picha iliposafishwa ilionyesha kola ya shati na ukuta. Nelly aliibandika, kwa sababu maelekezo yalitaka ukuta mweupe, na ukuta ulikuwa mweupe.

"Shamba lina ukubwa gani, baba?"

Telesphory alimgeukia mkewe.

"Ekari tatu," Agnetha alisema.

"Mnapanda mbegu gani?"

Telesphory alimgeukia tena mkewe, na ikawa hivyo kwa mbegu, kwa mfereji, kwa mpaka wa juu na mpaka wa chini. Nelly aliandika kila jibu la Agnetha chini ya jina la Telesphory, na mashine haikulia hata kidogo. Ilikuwa inateremka kutoka kisanduku hadi kisanduku vizuri kabisa.

"Binti," Telesphory alisema mwishowe, "haya yote si umeyasikia kwa mama huyu? Mimi mpaka wa chini hata siujui. Shamba ni lake. Andika jina lake."

Nelly alijaribu. Likafutika. Telesphory aliomba ajaribu mwenyewe, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole chenye maji, na Agnetha akazisoma zikitokea, jina lake zima, lenye mikia. Kisha likafutika.

"Basi acha langu," alisema. "Angalau shamba litabaki nyumbani."

Hati zilirudi kutoka Morogoro mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Fridolin alitangulia kufika ofisini, amevaa koti, ana barua ya kijiji inayosema yeye ndiye Telesphory. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa upande wake. Alipomwona marehemu akiingia na Agnetha alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hiyo hati ni yangu. Telesphory ni mimi."

"Ulikuwa wewe, kaka," Fridolin alisema kwa upole. "Siku ya matanga walinikabidhi. Hukusikia, ulikuwa chini."

Nelly aliwaomba wote wawili vitambulisho. Cha Telesphory kilikuwa kimezama na mtumbwi. Akaifungua fomu, akaishusha mpaka mwisho, akaipandisha, akitafuta mahali pa kuandika kwamba jina hili lina watu wawili na aliyefika kusaini ni yule wa kwanza. Hapakuwa na mahali. Alilia waziwazi, akajifuta kwa kile kitambaa cheupe cha kompyuta, akamkabidhi hati aliyekuwa na barua.

Fridolin alimruhusu Agnetha aendelee kulima, nusu kwa nusu. Watu wa Katindiuka walisema amefanya uungwana.

Telesphory hakurudi kaburini. Aliitwa kwa shughuli, na hakuna aliyemwambia kwamba shughuli imekwisha. Alikwenda shambani akawa anaamia ndege, kazi ambayo marehemu anaiweza vizuri, kwani hachoki wala haombi chakula. Kwelea walimwogopa kuliko kombeo. Masanja alikuja kumwazima kwa shamba lake, Agnetha akakubali, ila awe amerudishwa Jumamosi.

Siku ya kuvuna walikuwa wawili tu ndani ya mpunga, yeye akikata, mumewe akifukuza ndege. Ulikuwa mpunga mzuri. Agnetha alisimama kunyoosha mgongo.

"Baba Aurelia, miaka yote ile uliyokuwa hai, kwa nini hukusema mbele ya ndugu zako kwamba shamba hili ni langu?"

Telesphory alifikiri. Maji yalimdondoka kidevuni.

"Lilikuwa letu," alisema. "Sikuona haja."

Agnetha alimpenda mwanamume huyu na alikuwa bado anampenda, na kwa dakika ile alimkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia Fridolin. Aliinama, akashika mundu, kwa sababu fungu la Fridolin ndilo lililotakiwa kwanza, na lilikuwa bado halijatimia.