Mnoko wa Steji ya Tatu

…na kwa nini amempa kiti chenye mgongo, Jafeti alijiuliza, wakati kila siku kiti hicho ni cha Elia mwenyewe na wageni hukaa kwenye benchi pamoja na wateja, kwa nini leo, na mstari wa kijani wa kupakua gemu kwenye kompyuta ulikuwa umesimama kwenye asilimia sitini na mbili tangu Elia alipotoka kuagiza chai, na sasa Elia amerudi na vikombe viwili, ameweka kimoja karibu na kipanya, anasema, "Kunywa, mwalimu, baridi ya leo imetumwa na mtu," na Jafeti akacheka, kisha akajiuliza imetumwa na nani, kwa nini aseme imetumwa, lakini watu wote wa Sumbawanga husema hivyo upepo wa Julai ukianza, si Elia peke yake, tulia, kunywa chai… "Wewe ndiye utakayepiga," Elia alisema, "mimi mikono yangu imezoea lehemu na waya, nitaangalia tu," na hilo nalo, wewe ndiye utakayepiga, angeweza kusema utakayecheza, alichagua neno au lilimtoka tu, mtu anayetengeneza simu za watu miaka kumi na minne hachagui maneno, ila mtu aliyenyamaza miaka ishirini na moja huenda huyachagua… Gemu lilikuwa la Kornel, yule Kornel waliyesoma naye, yuko Mbeya sasa, anakaa chumbani peke yake analitengeneza, gemu la kupiga risasi ambalo mchezaji haoni mwili wake, anaona bunduki na mikono miwili tu mbele ya macho, na picha zake ni za vipande vikubwa vikubwa, ukuta unauhesabu tofali kwa tofali, makusudi, lifanane na yale waliyokuwa wanacheza kwenye chumba cha kompyuta cha shule mwaka elfu mbili na nne, na Kornel amelifungulia watu likiwa bado linajengwa, kama mtu anayehamia nyumba kabla ya kupiga dari, wachezaji ndio wanamwambia wapi panavuja, steji mbili zimekwisha, ya tatu inafunguliwa leo Jumamosi saa nne, na saa nne imepita kwa dakika kumi… "Bando hili nalo," Elia alisema, akagonga modemu kwa kidole kana kwamba anabisha hodi, "au Kornel amelala?" Kornel halali, Jafeti alifikiri, Kornel amemtumia ujumbe jana, baada ya kimya cha miaka miwili, *steji ya tatu utaipenda mshikaji wangu*, ameusoma mara ngapi, hajui, kwa nini yeye, kwa nini aipende, na lile neno *wangu* limefuata nini pale, Kornel hakuwa mtu wa mshikaji wangu, alikuwa anasema oya, basi… Mama mmoja alisimama mlangoni na simu iliyofungwa kwenye leso, akasema ametoka Milepa na gari la alfajiri, simu haiingizi chaji, na Elia akampokea, "Karibu mama, shikamoo, kaa hapo kwenye benchi, hii ni uchafu tu, mahindi yameingia," na mama akasema marahaba, mahindi yataingiaje kwenye simu, na Elia akasema, "Ya kwenu Milepa yanaingia popote, mama, hata benki," mama akacheka mpaka akakohoa, na ndivyo Elia alivyo, anachekesha watu, lakini fomu foo hakuchekesha mtu kwa sababu hakuna aliyekaa naye, mezani alikula peke yake, akiweka sahani wenzake wananyanyuka, na kwenye ubao wa bweni mtu aliandika kwa chaki MNOKO, mpeleka maneno kwa walimu, na mnoko haambiwi kosa lake, anaitwa tu, Elia akadhani ni kwa sababu alikuwa kiranja wa kengele, anapiga rimu la gari lililotundikwa, saa kumi na moja alfajiri, akaanza kulipiga taratibu, taratibu zaidi, mpaka mwalimu wa zamu akamchapa kwa kuchelewesha shule nzima, na hata hivyo jina halikufutika, muhula wa pili akahama bweni, akawa anatembea kutoka kwao Mollo kila asubuhi na lile kabuti lake… Kabuti, ndiyo, kabuti. Sekunde kumi na moja za video ambayo Kornel aliitoa mwezi uliopita, mlango wa tatu unafunguka, kivuli kimesimama, kabuti limefika magotini, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na Elia alipoiona alipiga kofi mezani, "Jafeti! Kabuti la babu yangu! Jamaa hajanisahau bwana!" akaiweka kwenye status yake, akaandika *naingia kwenye gemu*, mkewe Rose akaweka moyo, wateja wakaoneshwa, na Jafeti akasema hongera, akarudi nyumbani akasoma orodha ya mabadiliko ambayo Kornel huiandikia wachezaji, orodha ambayo Elia haisomi, na humo, kati ya mlango uliorekebishwa na mlio wa risasi uliopunguzwa, mstari mmoja, *steji ya tatu: Mnoko ameongezwa, piga kichwani*… Sasa Kornel anajua au hajui, hilo ndilo, kwa sababu kabuti lile lilivaliwa na watu wawili, Elia siku zote na Jafeti siku moja, Jumapili, shule nzima ikiwa misani na Kornel akiwa amejifungia kwenye chumba cha kompyuta na ufunguo wa kuchonga, na Jafeti alimwambia Elia niazime kabuti, baridi inaniua, na Elia akalivua, hakuuliza unakwenda wapi, akabaki na sweta la shule anasugua mikono, na Jafeti akapanda njia ya nyumba za walimu, akabisha kwa mwalimu wa nidhamu, akasema, sir, yupo mtu kwenye chumba cha kompyuta, basi, sentensi moja, na kwa nini, hata leo akijiuliza sababu inakuwa ndogo mpaka anaona aibu kuishika, kwa sababu walikuwa wanacheza lile gemu pamoja tangu fomu tatu, zamu kwa zamu, wamebakiza steji ya mwisho, wameahidiana, na Kornel akaimaliza Jumamosi bila yeye, akaja bwenini akasimulia… Kornel alifukuzwa miezi mitatu, mtihani wa moko, ule wa majaribio, ukampita, aliporudi kuchukua sanduku lake alimwambia Jafeti kabla ya wengine, nyuma ya mabafu, "Nililiona kabuti, dirishani, likiingia kwa mwalimu," na Jafeti akasema, "Kumbe." Hakuongopa. Alisema kumbe… "Mwalimu, mbona umekodoa," Elia alisema, "au unaogopa kufa mapema? Steji ya kwanza ulikufa mara tisa, nilihesabu," na alihesabu kwa nini, mtu anahesabu vifo vya mwenzake kwa nini, na kiti hiki mgongo wake umeelekea mlango, anayeingia humuoni, je, kama amekwisha kuongea na Kornel, kama wawili hawa wamepanga, wamkalishe hapa, wampe bunduki, mlango ufunguke, kabuti, na juu ya kabuti uso wake mwenyewe, na Elia amesimama pembeni na kikombe cha chai anamwangalia usoni… lakini Elia hana uso wa kupanga, Elia alikuwa anapuliza tundu la simu ya mama wa Milepa huku amefumba jicho moja, akasema bila kugeuka, "Unajua Kornel hajawahi kuitikia salamu yangu tangu shule? Nilimwandikia Krismasi, nikamwandikia mtoto wake alipozaliwa. Kimya. Nikajua ni ubize. Sasa ona, kumbe alikuwa ananichora," na mama akauliza anakuchora wapi, baba, na Elia akamwelekeza kwenye kompyuta kwa bisibisi, "Humo, mama, leo utaniona," na mama akasema atasubiri, gari la kurudi ni saa nane… na kitu fulani kikakaa sawa kichwani mwa Jafeti, bila kelele. Kornel hajui. Angejua, asingenyamazia Krismasi ya Elia miaka yote hiyo na kumwita mwingine mshikaji wangu. Uso utakaotokea mlangoni ni wa huyu anayepuliza simu. Jafeti aliingoja ile nafuu, mwezi mzima alikuwa anaiombea, uso usiwe wangu, uso usiwe wangu, na sasa imefika na haina ladha, kwa sababu ni yeye aliyepewa bunduki, na watu wa Mbeya, wa Dar, wa nchi ambazo hawajui Mollo iko wapi, watampiga Elia kichwani wiki nzima na kuandika chini kwamba Mnoko ni rahisi mno, aongezewe nguvu, na Rose ataona, na mama huyu wa Milepa ataona… basi uwe wangu, aliomba, Mungu, uwe uso wangu, na ombi likamtoka kirahisi kiasi kwamba akalishuku, akaligeuza kama mtu anayegeuza noti kwenye mwanga, na akakiona kilichojificha, kwamba ukiwa uso wake Kornel atakuwa amemsemea kila kitu, kompyuta itasema, yeye atakaa kitini ameinamisha kichwa, kama siku zote, hatalazimika kufungua mdomo hata kidogo… mstari wa kijani haukuwa umesogea, ungeweza kusogea sasa hivi au saa nane…

"Elia," alisema.

"Subiri, mwalimu, skrubu imeanguka. Usisogee, usije ukaikanyaga," na Elia akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akawa anapapasa sakafu karibu na viatu vyake, na Jafeti akatuliza miguu, akayapanga maneno, niliyekwenda ni mimi, ni matatu tu, mtu anaweza kuyasema kwa pumzi moja, akaivuta ile pumzi, mama wa Milepa akajisogeza kwenye benchi ili mwanga upite.

"Nimeipata," Elia alisema kutoka chini. "Enhe, ulikuwa unasemaje?"