Sifuri Niliyoifuta

Godoro la dada yangu Wema lilikuwa tayari juu ya pikapu, limefunikwa turubai, na mvua ilikuwa inalipiga bila huruma. Wema mwenyewe alisimama mlangoni, mikono chini ya tumbo, akiliangalia ziwa. Maji yalikuwa hatua tisa kutoka kizingitini. Miaka michache nyuma zilikuwa arobaini.

"Feliksi, si wewe uliyetuonya?" mama aliniambia. "Mbona umesimama kama mgeni? Shika ndoo."

Nilishika ndoo. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli.

Siku nne kabla, mwalimu Nehemia, anayefundisha jiografia hapa Ujiji, alinisomea kwenye simu yake habari za utafiti. Katikati kabisa ya dunia kuna kiini, tufe la chuma dogo kidogo kuliko mwezi. Limeinama kidogo mno, nyuzi sifuri nukta moja saba, na kuinama huko kunaiyumbisha dunia katika mzunguko wake, ikienda na kurudi kila miaka minane na nusu.

"Usiogope," alisema. "Kuyumba huko hakuhisiki. Vyombo tu ndivyo vinavyoweza kupima."

Mimi ushairi sikufundishwa na mtu. Vina nilijifunza peke yangu bandarini Kigoma, nikihesabu mizani kwa vidole baada ya kushusha magunia, na waliosoma walinicheka. Usiku ule niliandika kwa hasira, kama kawaida yangu:

*Kiini kimeinama, kwa nyuzi kumi na saba,*
*Ziwa litakuja hima, na nyumba litazibeba.*

Sifuri na nukta vilizidi mizani. Nikavifuta. Nilijua nilichofanya, nakumbuka hata nilitabasamu, maana mshororo ulikaa kama tofali ukutani. Nikaughani kwenye simu, nikautuma kwa marafiki. Kesho yake wauza dagaa wa Kibirizi walikuwa wanaughani. Jumatatu asubuhi ardhi ikatetemeka, kama inavyotetemeka huku mara kwa mara, vikombe vikagongana kabatini, na mama akaanza kufunga mizigo.

"Mshairi," Castory, dereva wa pikapu, alinitania akiwasha gari, "na sisi wa Mwandiga tuhamie wapi? Au sisi nyuzi zetu ni nane tu?"

Majirani walicheka, kicheko cha watu wenye hofu, kisha wakaniangalia kama nabii. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyoosha shingo.

Wema hakucheka. "Daktari alisema nisitoke mjini. Mtoto wangu wa kwanza nilimpoteza kwa kuchelewa kufika hospitali."

"Na ziwa likija, daktari atalizuia kwa sindano?" mama akamjibu. "Tunakwenda Kalinzi kwa bibi yako. Milimani."

Dada akanigeukia. "Feli, ni kweli?"

"Ni utafiti," nilisema.

Gari likaondoka. Nilibaki na ndoo. Woga ulinianzia miguuni, ukapanda polepole kama maji, na ulipofika kifuani niliitupa ndoo nikakimbilia bodaboda.

Niliwakuta mbele ya Mwandiga, barabara inapoanza kupanda, magurudumu yamezama kwenye tope. Wema alikuwa juu ya godoro, ameshika chuma cha bodi kwa mikono miwili. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

"Mama, rudini," nilisema. "Nilidanganya. Si nyuzi kumi na saba. Haifiki hata robo ya nyuzi moja."

"Sasa kwa nini ukasema kumi na saba?"

"Ile ya kweli haikuenea kwenye mshororo."

Aliniangalia, mvua ikimtiririka usoni. Nilisubiri kofi, ningelipokea kwa shukrani.

"Castory," alisema, "geuza gari."

"Limekwama, mama."

"Basi lisukumeni."

Tulilisukuma. Nilikuwa nimelala kifua kwenye bodi, tope mdomoni, na kila dada alipolia nilihesabu kwa vidole mpaka alipolia tena. Ishirini. Kumi na sita. Kumi na moja. Sijawahi kuhesabu mizani kwa hofu kama ile. Magurudumu yaliposhika ardhi, nilikuwa nimefika saba.

Mtoto alizaliwa hospitalini mchana ule, kwa kuvutwa na kifaa. Anaitwa Happiness, ana miaka miwili. Mkono wake wa kushoto unafika begani, hapo unagoma. Sijamuuliza daktari kama ni kwa sababu ya kuchelewa.

Jana Wema alikuwa anamlisha ugali. "Msomee mwanangu lile shairi," aliniambia, bila kuniangalia. "Ila uliseme sawasawa."

Nililisoma, na sifuri yake, na nukta yake. Mshororo ukachechemea, ukapitiliza kituo, ukaanguka. Happiness akacheka, akainua mikono yote miwili, mmoja juu, mmoja nusu ya njia.

"Tena," alisema.