Nyumba Iliyomfuata Kapinga

Alhamisi moja asubuhi, mwaka 1992, Kapinga alimpigia mume wake pasi shati jeupe la mkutano. Kola aliipitisha mara mbili, maana Chola alipenda kola iliyosimama. Chola alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepanda haraka katika siasa hadi kuongoza chama mtaani. Alikuwa na sauti nzuri na neno moja la kusema: Katanga ni ya Wakatanga, watu wa Kasai warudi kwao.

Kapinga alikuwa mtu wa Kasai. Alizaliwa Lubumbashi, humo humo Katanga; Kasai yenyewe alikuwa hajawahi kuiona. Nyumba yao ya mtaa wa Katuba aliijenga yeye kwa cherehani yake, miaka ile mshahara wa mwalimu ulipokuwa haufiki.

Jioni vijana wa chama walichora msalaba wa chaki mlangoni kwao, kama kwenye milango mingine ya watu wa Kasai.

"Ubaambie tu: uyu njo bibi yangu," Kapinga alisema.

"Kwa meeting nilisema bote," Chola alijibu, akiangalia viatu vyake. "Sasa nitasema nini?"

Alikuwa anampenda, na hilo ndilo linaloudhi.

Kesho yake Kapinga alijitwika cherehani akaenda stesheni. Nyumba ikainuka, ikakung'uta udongo, ikamfuata, ikiinama kidogo kwenye nyaya za umeme. Chola alibaki kiwanjani juu ya kiti.

Stesheni watu walikuwa wamelala nje wiki tatu wakingoja treni ya Kasai. Nyumba ilipanga foleni. Karani alisema mabehewa ni ya watu, nyumba haiingii, kwa hiyo ikakaa pembeni ikiwakinga mvua wenye watoto wachanga.

Siku moja Chola alifika, akasimama mbele ya mlango wake. Chaki ilikuwa bado ipo. Dirishani Kapinga alikuwa anashona sanda ndogo, ya mtoto wa mtu. Hakuinua kichwa.

"Jambo, Président," kijana wa chama alisema. "Unatafuta muntu?"

"Hapana. Minapita tu."

Treni iliondoka Jumapili. Nyumba iliifuata relini, polepole.

Mwezi uliofuata Chola alipewa cheo, na pamoja na cheo nyumba ya daktari mmoja wa Kasai, sahani zikiwa bado mezani. Fundi wa chama alikuja akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege, kama nyumba zote zilizogawiwa. Treni ikipita, nyumba hizo huvuta kidogo upande wa reli, kisha hutulia. Ya Chola ilivuta zaidi. Aliomba mnyororo wa pili, akapewa siku hiyo hiyo.